Anayesubiriwa Mlimani

Kila asubuhi Ngaire aliamka, akala uji wake wa shayiri, akamhimiza mdogo wake Tipene avae viatu, wakaenda shule. Tangu babu yao azikwe mwezi wa tatu, hakulia hata mara moja. Watu wazima walimsifu kwamba ana moyo mgumu, lakini yeye hakuona cha kusifiwa. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, kama mkono ulioulalia.

Likizo ya Julai, katikati ya majira ya baridi, ilipokaribia, mama alisema, "Mlimani tutakwenda kama kawaida. Mimi zamu zimenibana, Ngaire. Mpigie Babu Alwyn, umwambie mwaka huu tunakuja watatu."

Babu Alwyn, rafiki wa marehemu tangu ujana, alisimamia nyumba ya klabu juu kwenye theluji ya mlima Ruapehu. Wageni wa nyumba ile hupika na kufagia wenyewe, na kila familia huwekewa vitanda vyake katika wiki yake. Asiyekuja ndiye hupiga simu kusema haji. Akinyamaza, mtu hushuka na sleji ya kuburutia mizigo thelujini hadi kwenye maegesho ya magari, akamsubiri. Miaka yote aliyeshuka katika wiki yao alikuwa babu.

Ngaire aliishika simu, akaufikiria msumari wa babu katika chumba cha kukaushia nguo kule klabuni, hauna koti. Akaiweka simu chini.

"Amesemaje?" mama aliuliza jioni.

"Amesema pamejaa. Tutafute pa kulala Tūrangi."

Uongo ulitoka kirahisi mpaka akashangaa. Mama alimtazama kidogo, kisha akasema, "Haya, Tūrangi basi," na hakuuliza zaidi.

Wakapanga chumba mjini, chini kabisa ya mlima. Kilikuwa na hita, na mabwawa ya maji ya moto hayakuwa mbali. Tipene peke yake ndiye aliyenung'unika.

"Kule juu unafungua mlango tu, unateleza kwenye theluji. Hapa mpaka tupande gari kwanza. Babu angetucheka."

"Kula chipsi zako," Ngaire alimwambia.

Jioni ile dhoruba ilivuma mlimani. Asubuhi upepo ulitulia, wakapanda na gari kwenda kuteleza. Kwenye maegesho walimkuta Babu Alwyn akivuta sleji kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umefungwa bandeji.

"Kumbe mko hai," alisema. Hakuwa akitania.

"Si ulisema pamejaa?" mama aliuliza.

"Nani, mimi? Vitanda vyenu nimevitandika mwenyewe. Jana nimesimama hapa mpaka giza, nikidhani gari lenu limekwama kwenye barafu. Vidole viwili vimepigwa na baridi. Daktari anasema vitapona, ila kuteleza ndiyo basi mwaka huu."

Tipene alimtazama dada yake. Ngaire aliitazama bandeji, na kitu kikamchoma kifuani, kitu cha kwanza kukihisi baada ya muda mrefu.

"Sikupiga simu," alisema. "Nimemdanganya mama. Sikutaka kukiona kitanda cha Babu." Kisha machozi yakaja, mengi, na hakuweza kuyazuia.

Babu Alwyn alimwacha alie kwanza.

"Hata mimi nikikipita kile kitanda nageuza uso," alisema. "Ungeniambia, 'Alwyn, mwaka huu siwezi,' ningekuelewa. Kutotaka si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kumwacha mtu akusubiri kwenye baridi, na wewe unajua huji."

"Kosa ni letu wawili," mama alisema. "Nilijua katika wiki yetu hatuwezi kukosa vitanda. Sikuuliza kwa sababu na mimi niliogopa kupanda." Akamfuta Ngaire uso kwa ncha ya skafu. "Sasa sema kweli. Tulale wapi?"

Ngaire alifikiri. "Leo tulale chini. Kesho tupande."

"Sawa," Babu Alwyn alisema. "Kesho nitawatarajia. Msinifanyie tena ya jana."

Kesho yake walipanda. Tipene alikichukua kitanda cha babu, kile cha dirishani, bila kumwuliza mtu, na hakuna aliyemkataza. Ngaire alitundika koti lake kwenye msumari wa babu, akalitazama, akaenda kumenya viazi.

Alasiri kulikuwa na familia nyingine iliyotarajiwa. Babu Alwyn alinyoosha mkono kuichukua kamba ya sleji, Ngaire akamtangulia.

"Wewe kaa karibu na jiko. Nitashuka mimi na mama."

Walisubiri muda mrefu. Vidole vya Ngaire vilimuuma ndani ya glavu, akavikunja na kuvikunjua, lakini hakuondoka. Hatimaye gari likaingia polepole, na dereva akateremsha kioo.

"Yule mzee wa sleji yuko wapi leo?"

"Alifariki mwezi wa tatu," Ngaire alijibu. "Ni babu yangu. Leteni mizigo, tumewasubiri."