Fungate ya Kikazi

"Kobe, hapa Shangazi. Maharusi wameingia?"

"Wameingia."

"Wanaonekanaje?"

Kobe alikaza darubini yake ya Nikon kwenye dirisha la duara. Kule gatini, mwanamume mrefu mwenye shati la kitani alikuwa amemshika kiuno mwanamke mwenye gauni la njano.

"Wamezoeana," akajibu.

"Vizuri. Hiyo ndiyo kazi."

Kazi! Mwanamke yule alikuwa mke wa Kobe mpaka mwaka jana. Wote watatu walikuwa majasusi wa idara moja, na Shangazi, mkuu wao, ndiye aliyegawa majukumu. Mtalaka wake awe bibi harusi. Yule mtanashati awe bwana harusi. Kobe awalinde kwa darubini na redio, peke yake kama mjane.

Hoteli yenyewe ilijifanya meli. Vyumba viliitwa kebini, kuta zilitundikwa makasia na nanga za shaba, na wapokeaji wageni walivaa fulana za mistari ya kibaharia. Maharusi walipewa Kebini ya Nahodha, yenye kitanda kikubwa kilichoning'inia kwa kamba nene. Kobe alipewa Chumba cha Injini, ukuta mmoja na mashine za kufulia.

Mwenye hoteli alipenda kuitwa Kapteni. Alikuwa ameiba mtambo mdogo wa kuzima rada za bandari, na mchana huu angemkabidhi mnunuzi wa kigeni huko baharini. Aliwaalika maharusi matembezi ya boti, maana doria haina moyo wa kusimamisha boti ya fungate. Mpango wa Shangazi ulikuwa rahisi: wapande, wauone mtambo, watoe ishara, doria ivamie.

"Mpenzi, umependeza," ilisema sauti ya bwana harusi kwenye kifaa cha sikioni.

Bibi harusi akacheka.

Kobe alikijua kicheko kile. Hakikuwa cha kuigiza, na roho ilimuuma.

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Kobe alikuwa amekonda siku nyingi. Alipaswa kumtazama Kapteni. Akautazama mkono uliokuwa kiunoni.

Ndiyo maana aliona.

Baharia wa boti ya Kapteni alirusha kamba gatini, ikaenda upande. Mkono ukatoka kiunoni, ukaidaka hewani, ukaizungusha kwenye chuma cha gati na kuikaza. Mkono mmoja, bila kutazama, huku mwenyewe akiendelea kutabasamu. Kapteni aliona pia. Akamkata jicho, kisha akageukia pembeni haraka.

Bwana harusi yule aliiambia idara nzima kwamba bahari humtapisha. Mafunzoni walimcheka mpaka wakachoka.

Kobe akashika simu.

"Shangazi, bwana harusi ni mtu wao. Ni baharia. Usimruhusu apande naye."

"Umeona nini?"

"Amefunga kamba."

Shangazi alishusha pumzi. "Kobe, mwanangu. Ulitega kinasa sauti kwenye mkoba wa mkeo. Ulimfuatilia daktari wake wa meno, mtu wa watu, wiki nzima. Leo kamba?"

"Safari hii ni kweli."

"Kila safari huwa ni kweli. Baki chumbani. Ni amri."

Simu ikakatika.

Redio haikufaa, bwana harusi alikuwa akisikiliza masafa hayohayo. Injini mbili za Yamaha ziliwaka. Wakishatoka gatini, yule mwanamke angetupwa majini na kuliliwa kama ajali.

Bastola? Ingemfanya mtalaka wake awe ngao. Kobe aliiacha Glock kiunoni, akatoka mbio hadi gatini na silaha pekee ambayo watu wote wangeiamini.

"Mke wangu!" akapiga kelele. "Kumbe ndiyo haya uliyoyafuata huku?"

Wageni waligeuka. Simu zikainuliwa.

"Na wewe, bwana, unajua ana mume?"

"Umechanganyikiwa?" bwana harusi akanong'ona. "Unaharibu kazi."

Bibi harusi alikuwa amefura. "Rudi chumbani kwako. Usinidhalilishe tena."

Tena. Neno lile lilimchoma, lakini akaendelea.

"Muulize kamba! Mtu wa kutapika, nani kamfundisha kufunga hivyo?"

Bibi harusi alikuwa na hasira, lakini alikuwa jasusi. Akaitazama kamba. Akakumbuka kuiona ikidakwa. Alipomgeukia bwana harusi, mkono ulikuwa tayari ndani ya shati.

Kiwiko cha bibi harusi kikatua kwenye kifundo cha mkono ule. Bastola ikatumbukia majini. Kobe akamrukia, wakaanguka wote wawili juu ya mbao za gati, na kwa ngumi ya pili jamaa akalala.

Kapteni akaruka ndani ya boti, akakanyaga mafuta. Boti ikachomoka, kamba ikakaza, Kapteni akapiga mweleka. Fundo la rafiki yake lilikuwa la kibaharia kweli. Doria ikamkuta chali, na mtambo ukakutwa ndani ya sanduku la makoti ya kuokolea.

"Kobe," Shangazi alisema redioni. "Nimekosea."

"Ndiyo, Shangazi."

Bibi harusi akamjia, gauni limechanika begani.

"Wewe ulipangiwa kumtazama Kapteni."

"Ndiyo."

"Sasa kamba uliionaje?"

Angeweza kudanganya. Alilipwa kwa kazi hiyo.

"Nilikuwa nautazama mkono wake, ulipokuwa kiunoni kwako."

Akalivuta gauni lililochanika, akafunika bega.

"Umeniokoa," akasema. "Ahsante. Na ndicho kilichonifanya niondoke."

"Najua."

Akaenda zake. Ofisa mmoja wa doria, kifua wazi na meno meupe, akamvika koti mabegani na kumwambia jambo. Akacheka.

Kobe akachomoa kifaa cha sikioni, akavaa miwani ya jua, akatembea taratibu kuelekea getini. Kicheko kikasikika tena, kirefu zaidi.

Shingo ilimwasha. Hakugeuka.