Mjini Huwaka, Vitongoji Huzima

Gari ya Ruweida ilichagua kufa saa tatu ya asubuhi mbele ya soko la Chake Chake, siku ya Jumamosi, katikati ya msimu wa karafuu, yaani pahala na wakati ambapo hata punda akisimama hutukanwa. Nyuma yake palikuwa na gari ya ng'ombe iliyojaa magunia, nyuma ya ng'ombe palikuwa na lori, na nyuma ya lori kila mwenye honi aliipiga kadiri alivyojaaliwa.

Ruweida alibonyeza kitufe cha kuwashia mara ya nne. Taa zikameta kidogo, zikazimika. Alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi, mwanamke wa miaka thelathini na moja, aliyezoea kuzungukwa na makelele bila ya yeye kupiga hata moja. Alishuka taratibu, buibui jeusi lenye tarizi za zambarau mikononi, mtandio wa rangi hiyohiyo, akasimama kando ya gari kumngoja mtu atakayeletwa na Mungu.

Aliletwa Thabit, na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa fundi umeme wa magari, mrefu, ovaroli lake la buluu limefuliwa hata magoti yakapauka, kofia ya viua imekaa upande. Aliuweka mkungu wake juu ya boneti ya watu kana kwamba ni meza ya kwao.

"Asalaam aleikum. Imekufa?"

"Waaleikum salaam. Imelala," alisema Ruweida. "Mie kazi yangu wanaozaliwa. Habari za waliokufa sizijui."

Thabit alicheka, akaifungua boneti baada ya kuzihamisha ndizi. Ruweida alimwambia kwamba betri ya gari hiyo iko nyuma, si mbele, na kwamba hilo analijua hata yeye. Thabit akamjibu kwamba ni kweli, lakini mlango wa nyuma unafunguliwa kwa umeme, na umeme ndio huo usiokuwepo, ndiyo watengenezaji wakaacha pahala pa kubusti huku mbele, ndani ya sanduku la fyuzi. Aliita teksi ya jirani, akaunga waya mbili, na gari ikaamka.

"Hizi za haibridi zina betri mbili," alimweleza huku akikunja waya. "Kubwa ndiyo yenye nguvu ya kuendesha. Lakini ndogo ndiyo inayoiamsha. Ndogo ikifa, kubwa haina habari ya kitu."

"Basi kama kwetu. Mama mdogo wa umbo, lakini asipoamka yeye haamki mtu."

Siku hiyohiyo Thabit aliipima betri ndogo gerejini kwake, akaikuta imechakaa, akaweka mpya. Hapo hadithi ingelikwisha, kila mtu akaenda zake, na mie nisingelikuwa na la kusimulia. Lakini baada ya siku nne gari ikafa tena, safari hii uani kwao Vitongoji, na Ruweida akafika kazini amechelewa, nyuma ya pikipiki ya kaka yake Rajab, buibui limejaa vumbi jekundu.

Akampigia fundi. Fundi akamwambia aibusti na ailete. Aliikagua siku nzima: gari ikiwaka betri inajazwa sawasawa, ikizimwa haivuji umeme wa kutisha, nyaya zote safi. Akailaza gerejini siku tatu. Asubuhi zote tatu iliwaka kwa mguso mmoja. Akairudisha kwa mwenyewe, na siku ya tano ikafa.

Tokea hapo Thabit akawa anapiga simu kila siku saa kumi na mbili ya asubuhi, kabla Ruweida hajatoka. Mwanzo simu zilikuwa fupi. "Imeamka?" "Imeamka." Baadaye zikawa ndefu, na watu wazima tunajua kwamba betri haina maneno ya nusu saa. Alimuuliza wamezaliwa wangapi usiku ule. Ruweida alimuuliza amekula nini, na akisikia ni chai na mkate wa jana humwambia kwamba fundi anayepima betri za watu aipime na ya kwake.

"Ya kwangu inajazwa kwa simu hii," alisema Thabit asubuhi moja.

"Basi usinipigie kila siku. Betri ikijazwa kupita kiasi huharibika, umenambia mwenyewe."

"Haya, ukhti. Kesho sipigi."

Kesho yake alipiga dakika kumi mapema zaidi, na Ruweida alikuwa keshaishika simu mkononi.

Inafaa mjue jambo moja kuhusu Ruweida. Alikuwa ameolewa kabla, akaomba talaka mwenyewe. Mume yule alikuwa na safari za biashara Tanga, na kila safari ilikuwa na sababu nzuri, mpaka siku alipojua kwamba sababu zote hizo ni mke mwengine na mtoto wa miaka mitatu. Ruweida hakulilia ule uke wenza kama alivyolilia zile sababu, kwa sababu aliziamini moja baada ya moja. Alijiwekea nadhiri kwamba mwanamume wa pili, akija, atasamehewa kila kitu ila uongo. Na sasa moyo wake ulikuwa umeshaanza kumwendea mtu, na aliogopa.

Thabit hakuyajua hayo. Jumaane moja aliipima gari kwa mara ya mwisho, akamwambia mwenzake Silima kwamba haina kitu, wameimaliza. Jumatano akakaa na kazi zake, lakini siku ikamwia ndefu. Jioni alimpigia Ruweida akamwambia ailete Alkhamisi aipime tena. Ruweida alibadilishana zamu na mkunga mwenzake Asya, akaja. Waliketi kwenye benchi chini ya bati wakala machungwa, wakacheka, na gari ikafunguliwa mara moja tu ikafungwa.

Wakati anaondoka, Silima, aliyekuwa hana nia mbaya na mtu, alimuuliza gari ina nini tena, kwani si waliimaliza Jumaane. Ruweida alitabasamu kwa adabu, akatia gia.

Jumamosi ikafa. Rajab, aliyekuwa amechoka na kazi ya pikipiki, alimwambia dada yake wazi kwamba mafundi wa namna hiyo anawajua, mtu huchomoa waya mmoja wateja wakawa wa kudumu. Ruweida alimtetea. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akapiga simu.

"Alkhamisi uliniita kwa nini?"

Thabit angelisema kweli, pengine angelichekwa tu. Lakini aliona haya.

"Niipime gari," alisema.

"Silima kasema mlimaliza Jumaane."

Ruweida hakumngoja ajibu.

"Gari yangu kwako nzima, kwangu mgonjwa," alisema Ruweida. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ugonjwa gani huo usioijua njia ila ya Vitongoji? Mie nilishadanganywa, Fundi, tena na mtu aliyekuwa na ndoa yangu mkononi. Weye una betri tu. Sitaki."

Akakata, akaifungia namba yake. Kisha akalia, na mama yake, Bi Radhiya, akaacha kugeuza karafuu akaja kukaa naye kitandani bila ya kumuuliza neno.

Thabit naye alishinda siku mbili gerejini akifungua na kufunga gari za watu. Alikuwa na hasira, kwa kuwa hakuchomoa waya wowote, na alikuwa na aibu, kwa kuwa uongo wa Alkhamisi ulikuwa wake. Siku ya tatu, akiwa chini ya gari ya mtu, maneno yale yalimrudia: kwako nzima, kwangu mgonjwa. Ruweida aliyasema kwa uchungu, lakini yalikuwa ni vipimo. Wiki sita Thabit alikuwa anaikagua gari. Hajawahi kupakagua pahala inapolala.

Lakini kwenda nyumbani kwa mwanamke aliyeachika, mwanamume peke yake, mchana watu wakitazama, ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo alifanya kama anavyofanya mtu mwenye adabu: alikwenda Machomane kwa mjomba wake, Mzee Kificho, akamuomba amsindikize Vitongoji kwa Bi Radhiya, ana shughuli huko.

Mzee Kificho hakuuliza shughuli gani. Mpwa wa miaka thelathini na mitatu, hana mke, anaomba asindikizwe na mjomba wake kwenye nyumba yenye binti. Kuna haja ya kuuliza? Alioga, akavaa kanzu yake ya Idi, akajifukiza udi, akatoka na bakora. Kilichomuudhi ni ovaroli la Thabit.

"Nguo gani hiyo?"

"Ya kazi, mjomba."

"Hata hii ni kazi," alisema mzee, akapanda gari.

Ua wa Bi Radhiya ulikuwa umejaa majamvi ya karafuu kutoka ukutani mpaka barabarani, na harufu yake ilikaba koo. Gari ya Ruweida ilikuwa imebanwa kwenye ukuta wa nyumba, chini ya dirisha la chumbani. Wageni walikaribishwa barazani, kahawa ikaja. Ruweida alibaki ndani, nyuma ya pazia la mlango, moyo ukimwenda mbio kwa ghadhabu, au ndivyo alivyojiambia.

Mzee Kificho alisafisha koo, akamshukuru Mungu, akamsalia Mtume, akaanza. Alisema kwamba wao ni watu wa karibu, hawakuja kwa ubaya, wamesikia kwamba katika nyumba hii mna ua, na kijana wao...

"Mjomba, niwie radhi," alisema Thabit. Uso ulikuwa umemwiva. "Sikukuleta kwa posa."

Mzee alibaki na kikombe hewani. Bi Radhiya alimtazama kijana, kisha akalitazama pazia.

"Bi Radhiya, nimemdanganya mwanao mara mbili," aliendelea Thabit. "Nilimwita nikasema napima, na nilikuwa nimeshapima. Nilitaka kumuona. Aliponiuliza, nikasema uongo juu ya uongo. Hayo ni yangu. Lakini gari sikuichezea. Inakufa na mie sijui kwa nini, na leo nimekuja kujua. Nikiposa kwanza, atasema nimekuja na uongo wa tatu."

Pazia likasogea. Ruweida alitoka, kanga ya ushungi imefunika kichwa na mabega, macho mekundu.

"Haya. Pima," alisema.

"Sipimi mie. Utapima weye."

Rajab alikuwa ameibusti gari asubuhi ile, umeme ulikuwemo; Thabit alifungua mlango wa nyuma, akaunga kwenye betri mita ya kupimia umeme unaotoka, akampa aishike. Akamwambia kwamba gari ikizimwa huchukua dakika chache kulala, na ikilala namba hushuka karibu na sifuri. Kisha akarudi barazani akakaa mbali, mikono juu ya magoti.

Dakika zikapita. Namba ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda. Ruweida alisema hailali.

"Funguo iko wapi?" aliuliza Thabit.

Bi Radhiya ndiye aliyejibu. Iko pale pale inapokaa siku zote, msumarini, dirishani, ili Ruweida akiitwa na wodi asihangaike kuitafuta.

Thabit alilitazama dirisha. Kutoka kwenye msumari mpaka mlango wa gari haikuwa hata hatua moja.

"Na gari inalala hapa tokea lini?"

"Tokea karafuu," alisema Bi Radhiya. "Siku zote hulala kule kwenye mfenesi. Pakaanikwa, ikasogezwa huku."

Thabit aliuomba ufunguo kupitia dirishani, akatembea nao kando ya majamvi mpaka kule kwenye mfenesi. Akasimama. Ruweida alikuwa hayaondoi macho kwenye mita. Namba ilishuka, ikashuka, ikatulia kwenye sifuri na kidogo. Akamwashiria arudi. Alipofika dirishani namba ikaruka. Akamwashiria aende tena. Alimtembeza hivyo mara nne juani, na Mzee Kificho akahesabu kwa bakora.

Alipomaliza, Thabit alimweleza kwa ufupi. Funguo ya aina hii huongea na gari ikiwa karibu. Gari hudhani mwenyewe kaja, huamka kumngojea, na betri ndogo ndiyo inayolipa. Gerejini funguo hutundikwa ndani kabisa, ndiyo maana kule haifi.

Ruweida aliiweka mita chini. Kwa hiyo hakuchomoa waya. Zile asubuhi zote za simu hakuwa mtu wa hila. Alihisi kitu kikimlegea kifuani, na akakizuia.

"Na Alkhamisi?"

"Alkhamisi ilikuwa uongo."

Alingoja sababu ifuate. Mume wake wa zamani hakukosa sababu hata siku moja. Huyu alikuwa amesimama juani, jasho linamtoka, na hakuwa nayo. Alisema tu kwamba amekosa, akamuaga mama mtu, akamchukua mjomba wake.

"Tunaondoka hivihivi?" aliuliza Mzee Kificho. "Na kahawa tumekunywa?"

Waliondoka hivihivi.

Ufunguo ukahamia jikoni, ndani ya bakuli la kauri. Gari iliwaka kesho yake, na keshokutwa, na siku zote za wiki hiyo na ya pili. Ruweida aliifungua namba ya Thabit siku ya kwanza. Simu haikulia. Kila ilipofika saa kumi na mbili aliitazama, akakasirika, akaenda kazini. Siku ya kumi na nne alipiga mwenyewe, ameketi ndani ya gari, mlango wazi, mama yake anatandaza karafuu za mwisho.

"Imeamka," alisema.

"Alhamdulillahi."

"Imeamka siku kumi na nne. Mbona hukupiga?"

"Sikuwa na sababu ya kupigia," alisema Thabit. "Na ya kubuni sitaki tena."

Ruweida alishika usukani. Sauti ile alikuwa ameikosa kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na akakiri.

"Nimekukumbuka, Thabit."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Upande wa pili mtu alivuta pumzi.

"Ijumaa baada ya sala mama yupo," aliendelea. "Mwambie Mzee Kificho aje amalizie maneno yake."

"Akiniuliza tunakwenda kwa shughuli gani, nimwambie nini?"

"Mwambie kweli."

"Kweli ni kwamba nataka kukuoa, Ruweida. Tokea zamani nataka."

Ruweida aliegemea kiti, akacheka mpaka mama yake akainua kichwa juani kumtazama.

"Ungelinambia hivyo Alkhamisi ile," alisema, "ningelikuja vilevile."