Mshenga Alipofika Suneka

Siku ya soko, mwaka 1971, posta ya mjini Kisii ilikuwa imefurika. Ombui alipenya katikati ya akina mama wenye vikapu, gitaa mgongoni, suruali pana chini, shati la maua limeachwa wazi vifungo vitatu. Alitaka kupiga simu Nairobi kwa kampuni ya santuri.

Opareta alikuwa Nyanchera, msichana wa Sironga, blauzi nyeupe imenyooshwa kwa pasi hadi kola.

"Dakika tatu tu, bwana."

"Kwa Nairobi zanitosha. Na za kuongea na wewe?"

"Hizo haziuzwi hapa. Wewe si wa Radi ya Manga? Wanaopiga kelele hadi ng'ombe wa Suneka wanakataa kukamwa?"

"Kumbe umetusikia!"

"Nani ana masikio na hajawasikia?"

Ilikuwa kweli. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1969 na Nyangau, aliyekuwa mpishi wa kambi ya wanajeshi Nanyuki. Alirudi nyumbani na sanduku la santuri za vijana wa Uingereza waliopiga magitaa kama mafundi wanaogongelea mabati. Akakusanya vijana wanne, akawafunza kupiga hivyo hivyo, kwa nguvu, spika zikinguruma. Watu walikuja kulalamika wakabaki kucheza. Na aliyewabakiza hasa alikuwa Ombui.

Basi ikawa kila siku saa sita mchana Ombui anapiga simu kutoka kibanda kilichokuwa nje ya posta hiyo hiyo.

"Opareta, niunganishe na mpenzi wangu."

"Ombui, nakuona dirishani! Weka simu, wateja wananingoja."

"Mimi si mteja, dia?"

"Wewe ni balaa," alisema, na wenzake wakamwona akitabasamu peke yake.

Mwaka ulipokwisha waliongea mambo ya ndoa. Baba yake Nyanchera, mzee Onyancha, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato.

"Baba hatanitoa kwa mtu anayepiga gitaa Sabato. Ijumaa jua likizama, mikono chini."

"Na dansi zetu zote ni Jumamosi." "Basi naiacha bendi."

"Utaiacha Radi?"

"Nikipewa wewe, naiacha."

Alimwambia Nyangau siku iyo hiyo. Nyangau akacheka, akampa mkono, akampongeza.

Wiki iliyofuata mama Kemuma aliwasili Suneka, nyumbani kwa Ombui, kitambaa kichwani na mwavuli mkononi. Ndiye mshenga aliyetumwa na mzee Onyancha, ambaye Wakisii humwita esigani. Kazi yake ni kumchunguza bwana harusi kwa majirani na wenzake, si kumuuliza mwenyewe. Akamkuta Nyangau mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi wa bendi, akakaribishwa chai.

"Huyu Ombui ni mtu wa namna gani?"

"Mzuri sana, mama. Hata mke wake wa Sotik anamsifu, ila analia kuwa haendi kumwona mtoto."

Kemuma aliiacha chai ikiwa haijaguswa. Ulikuwa uongo mtupu! Ombui hakuwa na mke Sotik wala kwingine kokote.

Na desturi ikamalizia kazi. Neno la esigani halihojiwi na binti, na nyumba iliyokataliwa haiambiwi sababu; inaona tu mshenga harudi. Nyanchera aliamini amedanganywa. Ombui aliamini amedharauliwa kwa ajili ya gitaa. Watu waliozoea kuongea kila siku wakashindwa kuulizana swali moja, na mimi hadi leo nikiisimulia hadithi hii nakasirika.

Baada ya hapo Ombui alipiga simu mara moja tu.

"Nairobi iko tayari, bwana. Ongea."

"Sitaki Nairobi. Nakutaka wewe."

"Ongea na wako," alisema Nyanchera, akaitoa waya. Kisha akaenda msalani akalia.

Bendi ikavuma. Santuri sita, redioni kila Jumapili. Vijana wa Birongo wakaunda magitaa ya madebe, bendi nane zikazaliwa kwa kuwaiga, na hata kwaya zilizowalaani zikanunua spika. Ombui hakuoa.

Mwaka 1979 waliadhimisha miaka kumi ya bendi uwanjani Nyamira, Jumapili mchana. Wakati wa mapumziko, mwanamke mwenye gauni la kijani alikuja nyuma ya jukwaa. Ombui alimtambua kabla hajafungua mdomo.

"Hongera," alisema Nyanchera. "Mkeo wa Sotik hajambo?"

"Mke gani?"

"Usinifanye mtoto, Ombui. Esigani aliambiwa na huyu hapa."

Wote wawili walimgeukia Nyangau. Alikuwa akijipangusa jasho, akaendelea kujipangusa.

"Ningefanyaje?" akasema hatimaye. "Bila wewe Radi ingekufa. Hakuna mwingine anayeweza kupiga vile."

Nyanchera alimrudia Ombui. "Nimeolewa na mwalimu. Mtu mwema, ana upole. Hajanikosea lolote." Machozi yalimtoka. "Mbona hukuniuliza?"

"Nawe mbona hukuniuliza?"

Nyanchera alijifuta machozi. Kisha akaenda kwa watoto wake.

Umati ukaanza kuita. Ombui aliliweka gitaa chini akasema, "Sipigi." Nyangau alimbembeleza, akamsihi, kisha akamwashiria Mogaka, kijana waliyemwajiri mwaka huo, aliyejifunza kila wimbo kutoka santuri zao. Mogaka akaliokota gitaa, akapanda.

Ombui alisimama nyuma ya spika akisikiliza. Noti kwa noti, kijana hakukosea hata moja. Uwanja mzima ulirukaruka na kushangilia, na hakuna aliyeuliza Ombui yuko wapi.