Asante kwa Mara Iliyopita

Asubuhi ile Torkel aliamka akipiga mluzi, na Ragnhild aliposikia tu akajua hatapumzika siku hiyo. Mumewe hakuwa amepiga mluzi tangu walipompasua kifua mwezi wa tisa. Sasa alikuwa jikoni, anafuta lenzi ya kamera kwa shati la kulalia, na betri za akiba ameshazitia mfuko wa ndani, juu ya kovu, zisife kwa baridi.

"Daktari alisema utembee, hakusema ukagande," Ragnhild alimwambia.

"Nisipokwenda nitaganda hapa hapa kwenye kochi, bibi wee. Funga kahawa twende."

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, chama cha wapiga picha cha mji wao, wastaafu watupu, hutembea kwenye viwanja vya jumba la Tornvalla. Jumba lile la kale hufungwa tangu majani yanapopukutika na hakuna anayelala humo, ila geti huachwa wazi. Ragnhild hapigi picha. Alikwenda kumlinda mumewe, basi, na njia nzima alikuwa akimwangalia midomo kama imeanza kubadilika rangi.

Getini walipokewa na Yngve, mwenyekiti wao.

"Asante kwa mara iliyopita!" alisema, maana walikuwa wamemlisha samaki kwao majuzi, na katika nchi yao mtu uliyemkirimu hawezi kukutana nawe tena bila kusema hivyo.

"Asante na wewe," walijibu wote wawili kwa pamoja. Watu wa kule maneno hayo huwatoka kabla hawajafikiri.

"Leo tuanzie kulia," Yngve akaendelea. "Bwawa liko upande huo, na jua litaondoka sasa hivi. Tukianza kushoto kama kawaida tutakuta kivuli kitupu."

Ragnhild akasimama. Mama yake alizaliwa kwenye vibanda vya vibarua wa jumba lile, na alikuwa na neno lake kuhusu Tornvalla. Siku za giza la Krismasi usilizunguke kinyume cha jua. Ukilizunguka hivyo, litakuonyesha mtu ambaye hataumaliza mwaka unaokuja. Na ukishaonyeshwa, dawa ni moja: urudi ulizunguke peke yako, kwa njia ya jua, bila kutoa neno. Ukitoa neno mbele ya atakayekufuata, mmeshajuana, na dawa imeharibika.

"Yngve, kulia ni kinyume cha jua," alisema.

"Mwacheni, mama mkwe amefufuka," Torkel akadakia, na wazee wakacheka mpaka mvuke ukawafunika nyuso. Ragnhild naye akacheka kwa aibu. Wakaenda kulia.

Matembezi yenyewe yalikuwa mazuri, asikudanganye mtu. Theluji ilikuwa mpya, bwawa limeganda, miti ya milindi imesimama mitupu kwenye mstari. Torkel alipiga magoti, akapiga picha, akainuka bila kushikwa mkono. Ragnhild akaanza kuamini kwamba pengine huyu mzee atakuwepo mwakani.

Walipomaliza mzunguko wakawa mbele ya ngazi za jumba. Torkel akainua kamera akapiga dirisha la juu, lililokuwa limeshika jua la mwisho. Miwani yake ilikuwa imejaa ukungu wa pumzi, akampa mkewe kamera.

"Hebu niangalizie. Imetoka?"

Ragnhild akatazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Dirishani alisimama mtu. Akaivuta picha ikawa kubwa. Mwanamume, hana koti, shati liko wazi. Kifuani kovu refu. Akapandisha picha mpaka usoni.

Alikuwa Torkel.

Akainua macho kwenye dirisha lenyewe. Pazia tu. Akamtazama mumewe, yuko pembeni yake, anapuliza vidole.

"Vipi?"

"Imetoka giza," Ragnhild alisema, na akaifuta.

Hakumwambia. Moyo ulioshonwa juzijuzi hauambiwi mambo kama hayo.

"Nenda ukanywe kahawa na wenzako kule kwenye zizi la zamani, karibu na geti. Niachie kamera, nataka kujaribu."

"Wewe? Kamera?" Torkel alicheka. "Leo kweli kuna maajabu." Akaenda zake.

Ragnhild akaanza kushoto, peke yake.

Alikuwa na haraka lakini hakukimbia. Midomo ameibana. Upande wa nyuma jua lilikuwa limekwisha, theluji imegeuka kijivu. Akasikia hatua nyuma yake. Zikawa zinakanyaga pale anapokanyaga. Akasimama. Zikasimama. Akaenda. Zikaenda.

Hakugeuka. Akapita bwawa. Akapita milindi. Machozi yalikuwa yanamtoka na baridi inayagandisha shavuni. Moyoni alikuwa akisema jina la mumewe, moyoni tu.

Kwenye kona ya mwisho akaziona ngazi, na dirisha. Akavua glavu ya kulia, akaitia mfukoni, akapiga picha. Akaitazama. Dirisha tupu! Akaivuta, akaipekua kila pembe. Pazia, fremu, basi. Akatabasamu bila kufungua mdomo. Zilibaki hatua chache kuzifikia ngazi.

Mtu akakohoa nyuma yake, kikohozi kidogo cha adabu.

Mkono ukapita ubavuni mwake. Umeshika glavu ya sufu nyekundu, yenye nyota nyeupe, kazi ya mama yake.

"Umeangusha," sauti ilinong'ona.

"Asante," alisema Ragnhild.

Lilimtoka tu. Miaka sabini na kitu akipewa chumvi mezani, akifunguliwa mlango, akirudishiwa chenji, lilikuwa linamtoka hivyo hivyo. Akaziba mdomo kwa kiganja. Akageuka.

Hapakuwa na mtu. Kwenye theluji, juu ya nyayo za wazee zilizoelekea upande mwingine, kulikuwa na nyayo mpya za viatu vyake tu, mstari mmoja.

Zizini alimkuta Torkel anatafuna mkate wa zafarani, mashavu yamemwiva, anambishia Yngve. Midomo ilikuwa na rangi yake. Ragnhild akamshika mkono na hakuuachia mpaka nyumbani.

Jioni akavua koti, akatoa glavu aziweke juu ya bomba la kupashia nyumba joto, zikauke. Moja ya kushoto. Moja ya kulia, ile aliyopewa. Akaingiza tena mkono mfukoni kutafuta leso, akagusa sufu. Ile aliyoivua ilikuwa bado mfukoni, chini kabisa. Haikuwahi kuanguka.

Akazipanga zote tatu juu ya bomba. Akakaa kwenye kiti kuzitazama. Torkel alikuwa ameshuka na mfuko wa takataka, amevaa shati tu bila koti, mbishi yule. Akachelewa kidogo. Ragnhild alikuwa anainuka kumfuata aliposikia mluzi kwenye ngazi.

"Nimekutana na rafiki yako pale mlangoni," Torkel alisema, akifuta miwani. "Kanituma nikwambie, asante kwa mara iliyopita."

"Nani?"

"Uso sikuuona, miwani imejaa ukungu. Mzee wa umri wangu. Hana koti kama mimi, na mkononi kavaa glavu moja tu."

Ragnhild akajikuta ananong'ona. "Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nimemwambia asante na wewe, karibu kahawa. Mtu yuko kwenye baridi, utamwachaje?"

"Torkel. Akasemaje?"

"Kasema si leo. Lakini ameshukuru sana, atapita mwakani." Torkel akavaa miwani, akamtazama mkewe. "Mbona umekuwa hivyo? Mtu mstaarabu kabisa."

Ragnhild akaweka kiganja kwenye kifua cha mumewe, juu ya kovu. Moyo ulikuwa unadunda vizuri tu. Ndipo akageuka kutazama bombani. Glavu zilikuwa mbili. Mahali pa ile ya tatu palikuwa na barafu nyembamba, yenye umbo la mkono wa kulia, kidole gumba pembeni. Bomba lilikuwa la moto, na barafu ile haikuyeyuka.