Nilivuka Daraja na Bastola ya Marehemu

"Mikono kwenye usukani! Usiguse kitu!"

Askari kanielekezea bastola kifuani. Mimi, bibi wa miaka sitini na nane, na pai ya molasi kwenye kiti cha pembeni...

Naitwa Verna Kreider, mjane wa Pennsylvania. Asubuhi hiyo nilikuwa naenda mahakamani New Jersey, saa nne, kukabidhiwa mjukuu wangu Josie, miaka sita. Mama yake, binti yangu Carleen, tulimzika mwezi wa pili.

Jana yake mwanangu Dwight alinipigia.

"Mama, beba bastola ya baba. Njia ile si nzuri."

"Huko wanaruhusu?"

"Kibali chako kinafanya kazi kote. Weka kwenye droo ya dashibodi, acha woga!"

Nikaiweka, na risasi ndani. Kwetu ni ruhusa.

Nimevuka tu daraja la mpakani kuingia New Jersey, king'ora cha polisi nyuma yangu! Marehemu alinifundisha: askari akikusimamisha, mwambie kabla hajauliza. Kwetu ndiyo adabu.

"Mwanangu, nina bastola kwenye dashibodi. Kibali hiki hapa."

Ndipo akachomoa ya kwake.

"Bibi, unaenda vitani?"

"Naenda kumchukua mjukuu!"

"Kibali hiki mwisho wake ng'ambo ya mto. Huku ni jela."

"Nina mahakama saa nne, baba, nakuomba..."

"Mahakama utaiona, usijali."

Pingu. Saa nne ikanikuta mahabusu, nasali.

Saa nane wakili wangu akaja. Hata hakukaa.

"Verna, Dwight alikuwa mahakamani. Amemwomba Josie, alelewe na yeye na mkewe."

Miaka kumi na moja hawajapata mtoto. Nilijua wanaumia. Sikujua kiasi hicho!

"Akasema wewe ni hatari, una silaha garini. Kabla taarifa ya polisi haijafika!"

"Kajuaje?"

"Hakimu naye aliuliza hivyo hivyo. Dwight akababaika, mwisho akakiri. Ndiye aliyewapigia polisi, na namba ya gari akawatajia."

Nikauliza la mtoto kwanza.

"Josie kapewa nani?"

"Si yeye, si wewe. Kapelekwa kwa walezi wa serikali."

Watu wasiomjua kabisa!

Ndugu zangu, sheria ya jimbo lako inaishia mpakani. Toa risasi, ifungie bastola kwenye sanduku la kufuli, weka kwenye buti la gari. Na ukaulize mwenyewe kabla ya safari, hata kama anayekuhakikishia ulimzaa.

Dwight nimemsamehe, Mungu ameniamuru. Simu yake sijapokea.

Josie katimiza saba wiki iliyopita. Sijui keki alikatiwa na nani.