Aliitikia kwa Kichwa Akiwa Hewani

"Sekunde thelathini, Bibi Dunia. Na usinune. Mdomo ukinuna wasikilizaji wanausikia."

Sauti ya fundi mitambo iliingia katika sikio lake la kushoto kama kila siku, tulivu, yenye kicheko kwa mbali. Mtangazaji alirekebisha hedifoni, akanyoosha karatasi zake na kumkazia macho kupitia kioo. Leo hakuwa na hamu ya utani.

"Sijanuna."

"Umenuna tangu juzi."

"Juzi ndiyo uliniambia umepata kazi kituo kingine, ng'ambo huko. Ulitaka nipige vigelegele?"

"Ulisema safari njema."

"Ulitaka nisemeje?"

"Sekunde kumi," alisema fundi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ndivyo alivyokuwa huyu mwanamume. Miaka minne walikuwa wakifanya kazi hivyo, mtangazaji mbele ya maikrofoni na fundi nyuma ya kioo, kila siku ya kazi saa saba kamili mchana, kipindi cha habari za kimataifa kilichompa mtangazaji jina la Bibi Dunia, moja kwa moja. Fundi alikuwa na kitufe kinachopeleka sauti yake sikioni mwa mtangazaji peke yake. Kwa kitufe hicho alimhesabia dakika. Kwa kitufe hicho hicho alimwambia kwamba gauni limempendeza, au kwamba wikiendi imekuwa ndefu bila yeye. Alingoja taa nyekundu iwake kwanza, ndipo aseme, mwenzake asiweze kujibu. Wakikutana kwenye korido na vikombe vya chai, mwanamume anazungumzia nyaya.

Na mtangazaji naye, mtu anayewabana mawaziri mpaka wanatokwa jasho, hakuwahi kumbana huyu mmoja. Alimpenda. Alimpenda mno, lakini alikuwa na kiburi chake: alitaka aambiwe ana kwa ana, tena aambiwe kwanza.

Taa nyekundu ikawaka.

Kipindi kilikwenda vizuri. Ilipofika saa nane kasorobo, walimuunganisha na mwandishi wao aliyekuwa kwenye mazungumzo ya amani, mbali sana. Laini ilikuwa ikikwaruza. Mwandishi alikuwa sikio la kulia, akimwaga majina na takwimu, na mtangazaji akiandika haraka swali la mwisho.

"Dakika mbili zimebaki," alisema fundi sikio la kushoto. Kisha akavuta pumzi. "Mkuu anataka jibu langu leo hii, awapigie wale wa ng'ambo. Bibi Dunia, nimkubalie? Niende?"

Mtangazaji akaitikia kwa kichwa.

Alikuwa ameitikia zile dakika mbili. Mtangazaji akiwa hewani huitikia kila anachoambiwa, bila hata kufikiri, ili fundi ajue ujumbe umefika. Hayo mengine yalizama kwenye takwimu za wakimbizi. Alimwona fundi akimkodolea macho, kisha akiandika ujumbe kwenye simu. Yeye akauliza swali lake la mwisho, akamshukuru mwandishi, akaingia kwenye hali ya hewa.

Alikuwa katikati ya mvua za miji mikuu maneno yalipomrudia. *Niende?*

Akainua macho, fundi alikuwa ameinama kwenye mitambo yake, paji la uso tu ndilo lililoonekana. Na mdomo ulikuwa na kazi, dunia nzima inasikiliza. Akasoma mvua, akasoma jua, akawaaga wasikilizaji. Kisha akawaaga tena.

Taa ikazima. Kiti cha fundi kilikuwa kitupu.

Akamwandikia ujumbe: "Uko wapi? Usimwambie mkuu chochote!"

Jibu likaingia palepale: "Nimeshamwambia. Umeitikia, nimekuona kwa macho yangu. Ahsante kwa kuwa mkweli."

Kabla hajajibu, simu ikaita. Mama yake.

"Mwanangu, leo umetuaga mara mbili. Kuna nini?"

"Mama, si sasa."

"Ni yule wa nyuma ya kioo?"

"Mama!"

"Miaka minne nakusikia unavyoanza habari za michezo na kicheko. Habari za michezo zina kichekesho gani? Amekufanya nini?"

"Anaondoka. Ameniuliza aende, nikaitikia bila kujua nimeulizwa nini."

"Sasa simu unaing'ang'ania ya nini? Mkimbilie, mtoto wewe!"

Akavua viatu, akapanda ngazi ghorofa mbili peku hadi ofisini kwa mkuu. Mkuu wa kituo, mama mtu mzima mwenye miwani na maneno machache, alikuwa nyuma ya meza yake. Fundi alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma.

"Sikukusikia!" alisema mtangazaji akihema.

"Nilikuuliza niende. Ukaitikia."

"Nimeitikia dakika mbili! Nikiwa hewani naitikia kila kitu. Ungeniambia jengo linaungua ningeitikia, nikaendelea na mvua."

Mkuu akavua miwani. "Wanangu, hii ni ofisi."

"Samahani, mkuu. Dakika moja tu." Akamgeukia fundi. "Haya, niulize sasa. Hapa hapa, ninapoweza kujibu."

Fundi akahamisha macho kwenda ukutani.

"Hiyo soketi imelegea," alisema.

"Fundi!" wanawake wote wawili walimkemea kwa pamoja.

Mkuu akavuta pumzi ndefu. "Mimi wale watu nimeshawapigia, nimewaambia anakuja. Siwapigii tena kujiaibisha. Kama haendi, apige mwenyewe, na asikike."

Akabonyeza namba, akaweka simu katikati ya meza, spika ikiwa wazi. Ikaita mara mbili.

"Haloo," ilisema sauti nzito ya mwanamume.

"Ni mimi, fundi mitambo mliyeambiwa anakuja." Akameza mate. "Siji."

"Huji? Mbona hata nusu saa haijapita tangu tuambiwe unakuja? Sababu nini? Nyumba tuliyokuandalia iko mbali?"

Kimya. Hewani, kimya cha sekunde tano ni msiba. Hiki kilifika kumi, na mtangazaji, ambaye kazi yake ni kuziba mapengo, aliuma ulimi. Hili pengo halikuwa lake kuziba.

"Nyumba haina tatizo," alisema fundi. Kisha akageuka, akamtazama mtangazaji machoni, bila kioo. "Kuna mwanamke hapa ninampenda. Miaka minne nimekuwa nikimwambia nusunusu, tena wakati hawezi kujibu, kwa sababu naogopa jibu lake. Sasa yuko mbele yangu, na akitaka kunikataa anaweza. Nataka kumuoa. Nikija huko nitawatengenezea mitambo vizuri, lakini sitakuwa na raha hata siku moja."

"Hee," ilisema ile sauti, ikiwa imesahau kukasirika. "Na yeye anasemaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, mtangazaji alikosa sauti. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Dada," alisema mkuu taratibu, "mtu yuko kwenye laini."

"Nasema ndiyo," alisema mtangazaji. Akamshika fundi mkono. "Nakupenda tangu mwaka wa kwanza, mwoga mkubwa wewe. Nitaolewa na wewe."

"Basi hongereni," ilisema simu. "Nafasi nitampa mwingine. Lakini dada, wewe ndiye umetunyima fundi, ujue hivyo." Ikakatika.

Mkuu alifuta miwani isiyo na vumbi. "Mmemaliza? Nje. Na viatu uvae."

Kwenye korido watu walikuwa wakipita na karatasi zao, wakiwatazama. Fundi hakumwachia mkono.

"Uliogopa nini hasa?" aliuliza mtangazaji.

"Kwamba utasema hapana, na kesho saa saba nikuone tena kwenye kile kioo, na keshokutwa tena."

"Mimi niliogopa utaondoka kimyakimya, nami nibaki najifanya niko sawa."

"Nije kwenu lini?"

"Jumamosi. Mama anakujua zamani."

Jumamosi hiyo mchana fundi alifika na mjomba wake, mzee aliyesifika kwa kusema. Mjomba alikuwa amejiandaa wiki nzima: salamu, shukrani, maneno ya kuzunguka, kisha ombi. Chai ilipomiminwa akakohoa, akasogeza kiti mbele.

"Mama," alisema fundi kabla mjomba hajafungua kinywa, "nampenda binti yako. Nimekuja kumuomba."

Mjomba akabaki na kikombe mkononi. Mtangazaji aliyekuwa mlangoni na sahani akasimama palepale, furaha imemjaa kifuani mpaka akashindwa kuingia.

Mama akamtazama yule kijana kuanzia nywele mpaka viatu, akatabasamu.

"Miaka minne, baba," alisema. "Ulikuwa umekwama wapi?"