Kipandauso cha Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: viti viwili, kioo kirefu na kabati la mafuta. Alisuka pamoja na wifi yake, dada wa mumewe. Vidole vyao vilikwenda mbio, na midomo yao ilikwenda mbio zaidi.

Siku moja alikuwa akimsuka bibi harusi. Upande mmoja ulikuwa tayari, upande wa pili nywele zimesimama wima. Ghafla akaona vimulimuli machoni. Alijua kinachokuja. Kichwa kikaanza kugonga upande wa kushoto, puu, puu, kama kuna mtu anatwanga ndani. Mwanga ukamchoma. Harufu ya mafuta ikamtia kichefuchefu.

"Wifi, nimalizie," alisema, akaingia chumbani akishika ukuta.

"Makubwa!" wifi alimwambia bibi harusi bila kushusha sauti. "Kichwa cha wifi yangu kinajua kuchagua siku. Kazi ikiwa nyingi tu, kinauma."

Mama Pacha alisikia kila neno. Maumivu yalimliza, lakini maneno yale yalimliza zaidi. Akameza vidonge vya maumivu, kama alivyozoea karibu kila siku.

Jioni jirani yao muuguzi alikuja kusukwa. Akamkuta Mama Pacha amelala gizani, ndoo kando ya kitanda. Wifi akamsimulia huku akicheka. Muuguzi hakucheka.

"Naona hiki ni kipandauso," alisema. "Ni ugonjwa kweli, mdogo wangu. Wifi yako hajifanyi, wala si mvivu. Mpeleke kliniki."

Wifi akaona haya. Kesho yake alifunga saluni, akampeleka mwenyewe.

Daktari aliuliza maswali mengi, akampima presha, akaangalia macho na nguvu za mikono. Akasema ni kipandauso. "Punguza vidonge vya maumivu," alimwambia. "Ukivimeza mara kwa mara, navyo vinaleta maumivu ya kichwa." Kisha akamwandikia vitamini B2, ameze kila siku.

Haikupita muda, kichwa kikarudi. Mama Pacha akamfuata muuguzi, amekasirika, wifi yuko nyuma yake.

"Dada, vitamini hizi bure tu! Halafu mkojo umekuwa wa manjano, utadhani rangi ya ukuta!"

Muuguzi akacheka. "Usiogope. Rangi ni ya vitamini yenyewe. Mwili unachukua unachohitaji, kinachobaki unakitoa."

"Na kichwa mbona bado kinauma?"

"Vitamini hii haitulizi kichwa kilichokwisha kuanza. Inasaidia kuzuia kisije. Inakwenda polepole, pengine miezi mitatu ndipo uone tofauti."

"Basi nimeze maradufu, zifike haraka."

"Thubutu! Fuata kipimo cha daktari. Na haimsaidii kila mtu. Ikishindikana, daktari ana dawa nyingine."

Wifi akadakia, "Na mimi ninunue zangu? Kichwa huniuma pia."

"Upimwe kwanza. Pengine mtu ni mjamzito, au ana ugonjwa wa figo, au ana dawa nyingine anazotumia. Vitamini nazo si peremende. Na kichwa kikikushika ghafla, kwa ukali kuliko siku zote, au kikaja na homa na shingo ngumu, au mkono ukalegea na ulimi ukawa mzito, usingoje vitamini. Kimbia hospitali."

Mama Pacha akavuta subira. Alimeza kidonge chake kila asubuhi baada ya kula. Akaacha kuruka milo, akanywa maji ya kutosha, akalala mapema. Taratibu nafuu ikaja. Kichwa kilichomwangusha kila wiki kikawa kinakuja mara moja tu kwa mwezi, tena bila ukali ule wa zamani.

Hakikuisha kabisa. Siku moja saluni imejaa, wifi akamwona anafumba jicho la kushoto. Hakungoja kuambiwa. Akavuta pazia, akamshika mkono.

"Nenda kalale, wifi. Hawa wote niachie mimi."

"Kwa kichwa tu?" mteja mmoja aliguna.

"Ni kipandauso, dada yangu," wifi alijibu. "Kaa nikusuke, nikueleze."

Alasiri Mama Pacha alitoka chumbani ameoga, uso mkunjufu. Akachukua kitana, akauliza, "Nani anafuata?"